Mashini gani kwa majani ya kiwanja chetu?



Mwezi huu ukurasa wa Somo utazungumza juu ya majani. Tunajua wengine watacheka. Lakini kuko ulizo ambalo linangoja jibu mbele ya mwisho wa trimestri, na jibu lile litabaki hapa Mulekera wakati sisi finalisti tutakuwa tumekwisha kuondoka. Kwa hiyo tunaomba musome mpaka mwisho.

Ulizo lenyewe ni hili. Mkubwa wetu mmoja aliyesoma hapa, na ambaye sasa anaishi Canada, ameandikia shule barua. Anakumbuka namna walivyokuwa wakikata majani na kupekupe kila juma, mikono ikitoka malengelenge. Ameweka feza kidogo kidogo na anataka kutusaidia. Anauliza: atume trakta ndogo ya kupanda, ile ya kukatia majani, ao atume ile mashini ingine inayogeuka pahali pamoja kama mtu anayecheza ngoma? Bwana Prefe alileta barua ile mbele ya komite ya wanafunzi, akasema: "Musijibu mbio. Pimeni kwanza."

Katika madarasa jibu lilikuja mbio sana. "Batume tu ile ya kukaa juu, kupekupe basi!" Sisi hatukuandika jibu lile. Tulichukua kamba, fimbo na daftari, tukapima. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. SABABU YA KUKATA MAJANI

Kwanza tujue kazi yenyewe ni ya nini. Majani marefu yanaficha nyoka, na watoto wa madarasa ya chini wanapita humo asubuhi bila kuona pahali wanapokanyaga. Kupe pia wanapenda majani marefu. Tena mpira hautembei, na shule inaonekana kama nyumba isiyo na mwenyewe.

Wengi wanasema pia kwamba tukikata majani malaria itakwisha. Neno hili linahitaji kusahihishwa kidogo. Mbu wa malaria anaweza kupumzika katika majani yenye kivuli, lakini anazaa katika maji yaliyosimama. Mtu akikata majani vizuri na kuacha madimbwi karibu na bomba ao nyuma ya jikoni, mbu watazidi kuzaliwa. Kukata majani ni sehemu tu ya usafi.

Neno lingine: majani siyo adui. Katika inchi yetu ya milima, majani ndiyo yanashika udongo. Munajua mito ya udongo mwekundu inayoshuka wakati wa mvua, Beni na Butembo, na namna mmomonyoko unavyokula barabara na hata viwanja vya nyumba. Pahali pengi watu wanapanda pasipalumu juu ya kuzuia jambo lile. Kwa hiyo kazi yetu ni kukata majani, siyo kuyanyoa mpaka udongo uonekane. Kanuni ya wenye kutunza viwanja ni hii: kwa mara moja usikate kupita sehemu moja ya tatu ya urefu wa jani. Likiwa na sentimeta 9, kata 3, acha 6. Jani lililokatwa hivi litaota upya kwa nguvu. Jani lililonyolewa linakufa, na mvua inachukua udongo.

2. MASHINI HIZI ZILITOKA WAPI?

Zamani, katika Ulaya, watu walikata majani kwa mundu mrefu, ao walifungulia kondoo. Mwaka 1830, Mwingereza mmoja jina lake Edwin Budding, wa sehemu za Stroud, alipata ruhusa ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake: mashini ya kwanza ya kukata majani. Alikuwa ameona katika viwanda vya nguo mashini yenye visu vinavyozunguka, inayokata nyuzi zilizosimama juu ya kitambaa ili kitambaa kiwe laini. Akafikiri: ikiwa visu hivi vinaweza kunyoa kitambaa, kwa nini visinyoe kiwanja? Mashini yake ilisukumwa na mikono, nayo ilikuwa nzito.

Baadaye injini ya esansi ikaja, na mtu akapata kiti cha kukalia. Katika miaka ya 1960, John Regier wa jimbo la Kansas, Marekani, alitengeneza mojawapo ya mashini za kwanza zinazogeuka pahali pamoja. Na mwaka 1971, huko Houston katika Texas, George Ballas alifikiri juu ya brosi zinazozunguka pahali pa kuoshea magari. Akachukua mkebe wa popukoni, akautoboa, akapitisha kamba za kuvulia samaki, akauzungusha kwa mashini. Kamba zilikata majani karibu na miti bila kuumiza maganda. Kutoka fikira za namna ile zilikuja mashini nyingi za kukata kwa kamba.

Muone jambo moja: watu hawa watatu kila mmoja alianza na kazi iliyokuwa mbele yake. Kansas kuko inchi tambarare na nyumba zenye viwanja vipana. Mashini ya kule ilizaliwa kwa kiwanja cha kule.

3. TRAKTA YA KUPANDA

Trakta hii ni ndogo kuliko ile ya shamba. Iko na usukani kama gari, na magurudumu ya mbele ndiyo yanageuka. Injini mara nyingi iko mbele. Chini ya tumbo, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kuko sanduku la chuma lenye visu viwili ao vitatu vinavyozunguka. Kurua ya mpira inapeleka nguvu ya injini kwenye visu. Sanduku linapandishwa na kushushwa, kutoka sentimeta 2 ao 3 mpaka karibu 10.

Faida zake: mtu aliyezoea gari anaijifunza kwa siku moja. Inaweza kuvuta kigari kidogo nyuma, kubeba mchanga, taka ao mabidoni ya maji. Na bei yake, kwa kawaida, iko chini ya ile ingine.

Ubaya wake: haiwezi kugeuka pahali padogo. Ikifika mwisho wa mstari inahitaji nafasi ya kuzunguka, na karibu na miti inaacha majani. Lazima mtu arudi na kupekupe kumalizia.

4. MASHINI INAYOGEUKA PAHALI PAMOJA

Wauzaji wanaiita zirotani, maana yake duara yake ya kugeuka ni sifuri. Haina usukani. Iko na levya mbili, moja kwa mkono wa kuume, moja kwa mkono wa kushoto. Kila levya inaongoza gurudumu moja la nyuma kwa pampu yake ya mafuta. Ukisukuma levya zote mbili mbele, inakwenda mbele. Ukivuta zote, inarudi nyuma. Ukisukuma moja na kuvuta ingine, gurudumu moja linakwenda mbele na lingine nyuma, na mashini inazunguka papo hapo. Magurudumu ya mbele ni madogo na yanageuka ovyo, kama yale ya kitanda cha hospitali. Hayaongozi kitu.

Faida yake ni mbio na kugeuka. Kwa mtu mwenye nyumba kubwa, kiwanja tambarare, miti mingi na maua mengi, hii inamaliza kazi mbele ya ingine. Tunasema hivi wazi, ili mtu asifikiri kwamba tunaichukia.

Lakini shika neno hili: kwa kuwa magurudumu ya mbele hayaongozi, kila kitu kinategemea yale ya nyuma. Ikiwa ya nyuma yanateleza, kwenye majani yenye maji ao kwenye mteremko, hakuna usukani wa kukuokoa. Mashini inashuka pahali inapopenda. Kwa hiyo watengenezaji wengi wanaandika katika kitabu chake: usipande mteremko unaopita digri 15. Kwa trakta ya usukani pia wengi wanaandika vile vile, lakini zirotani inaadhibu mbio zaidi.

5. TULIULIZA KIWANJA

Tulipima sehemu tatu.

Uwanja wa mpira: meta 90 kwa 60, ndiyo meta mraba 5.400.
Mbele ya ofisi, pahali pa bendera: meta 40 kwa 25, ndiyo 1.000.
Mteremko nyuma ya madarasa mpaka bondeni: meta 50 kwa 24, ndiyo 1.200.
Jumla ni meta mraba 7.600.

Kisha tulipima mteremko. Kila mwanafunzi anaweza kufanya jambo hili nyumbani. Twaa fimbo iliyonyoka ya meta moja. Weka ncha moja chini, upande wa juu wa mteremko. Shika ncha ya pili hewani upande wa chini. Laza juu ya fimbo chupa ndogo iliyojaa maji karibu yote. Pofu la hewa likisimama katikati, fimbo iko sawa. Sasa pima kutoka ncha ya hewani mpaka udongo. Ukipata sentimeta 27, mteremko ule ni wa digri 15, kwa sababu tanjenti ya digri 15 ni 0,268. Wale wanaouliza kila siku trigonometria ni ya kazi gani, jibu ni hili.

Uwanja wa mpira ulitupa sentimeta 2. Mbele ya ofisi, sentimeta 7, karibu digri 4. Nyuma ya madarasa, sentimeta 34, karibu digri 19. Basi pale nyuma hakuna mashini ya kupanda itakayokwenda, iwe trakta, iwe zirotani. Mtu akipinduka nayo, itamlalia na visu vikizunguka.

Tuliangalia pia udongo. Kwenye uwanja wa mpira kuko mawe upande wa goli la mashariki na kilima kimoja cha mchwa. Jiwe likigusa kisu kinachozunguka, kisu kinapinda, ao jiwe linaruka kama risasi. Mawe lazima yaondolewe, hata tukiletewa mashini gani.

Neno la mwisho la kiwanja ni urefu wa majani. Wakati wa masomo tunakata mara kwa mara. Lakini munajua yanayotokea wakati wa likizo kubwa. Tunaondoka, mvua inarudi mwezi wa nane, na tukirudi mwezi wa kenda majani yanafika kiunoni, na bondeni kuko matete. Mashini ya kupanda imetengenezwa kwa majani ya kifundo cha mguu. Ukiipeleka katika majani ya kiuno, sanduku linajaa, kurua inateleza na kuungua, injini inazimika. Kwa hiyo hata tukiwa na trakta nzuri kabisa, kila mwanzo wa mwaka lazima kitu kingine kiitangulie.

6. HESABU YA SAA

Tutumie meta mraba 6.400 za sehemu mbili zisizo na mteremko mkali. Kanuni: upana wa kukata mara mwendo wa saa moja, kisha tunaondoa sehemu kwa sababu ya kugeuka na kupitia mara mbili.

Mashini ya kusukuma na mkono, yenye injini, upana meta 0,50, mwendo wa mtu kilometa 4 kwa saa: 2.000. Tukiondoa robo inabaki 1.500. Kazi itachukua karibu saa 4 na dakika 16.

Trakta ya kupanda, upana meta 1,07, kilometa 6 kwa saa: 6.420. Tukiondoa robo inabaki 4.815. Kazi itachukua karibu saa 1 na dakika 20.

Zirotani, upana ule ule, kilometa 10 kwa saa: 10.700. Tunaondoa 15 kwa mia tu, kwa sababu inageuka vizuri, inabaki 9.095. Kazi itachukua karibu dakika 42.

Na kupekupe? Tulipima mwanafunzi mwenye nguvu, asiyezungumza na wenzake: meta mraba 60 kwa saa. Kwa kiwanja chote cha 7.600 tunahitaji saa 127 za mtu mmoja. Wanafunzi 60 wakifanya kazi sawasawa, ni kupita saa 2 kidogo. Lakini sisi sote tunajua kwamba katika wanafunzi 60, wale wanaofanya kazi sawasawa siyo 60.

Basi kati ya trakta na zirotani tofauti ni dakika 38. Mwenye kampani ya kukata viwanja kumi kwa siku, kwake dakika 38 ni feza nyingi. Sisi tuko na kiwanja kimoja. Tutafanya nini na zile dakika 38?

7. ESANSI, VIPURI, FUNDI

Zawadi iko na bei, hata ikitolewa bure. Mashini kutoka Canada itapita baharini mpaka Mombasa, kisha barabara ya Kenya na Uganda, ivuke mpaka Kasindi, ndiyo ifike Beni. Safari ile iko na malipo: meli, kamioni, duane. Lazima tumwambie mkubwa wetu ahesabu yale mbele ya kununua. Pengine malipo ya njia yatakaribia bei ya mashini yenyewe.

Ikifika, inakunywa. Injini ya mashini ya kupanda inaweza kumaliza lita 3 mpaka 5 kwa saa, kwa kadiri ya ukubwa wake. Esansi yetu inafika kwa barabara ile ile, na barabara ikifungwa bei inapanda siku ile ile. Fanyeni hesabu na bei ya leo ya kadafi wa kona yenu, mara mbili kwa mwezi, miezi kumi.

Kisha inaharibika. Trakta inahitaji kurua, visu, betri, filtri, mafuta ya injini. Zirotani inahitaji yale yote pamoja na pampu zake mbili. Hapa Beni na kule Butembo kuko mafundi hodari wa pikipiki, wa mashini za kusaga na wa jenereta. Injini ya trakta watailewa. Lakini pampu ya zirotani ikitoboka, wengi watakuwa wanaifungua kwa mara ya kwanza, na kipuri kitangojewa kutoka mbali. Mashini bila kipuri ni chuma cha kuku kulalia.

Neno moja tena tunalisema polepole. Hali ya inchi yetu inajulikana. Familia nyingi hapa zimekwisha kufunga mlango na kwenda bila kujua siku ya kurudi. Mashini ndogo, watu wawili wanaibeba na kuificha kwa jirani. Trakta haibebwi.

8. MASHINI NDOGO AMBAZO BARUA HAIKUZITAJA

Kuko mashini ya kufyeka ya begani: bomba refu, injini ndogo upande mmoja, kamba ao kisu cha chuma upande wa pili, na mkanda wa kuvaa mabegani. Pengine mumeiona kwa watu wanaosafisha kando ya barabara. Hii inapanda mteremko pamoja na mtu. Inakata majani ya kiuno, na ikiwa na kisu cha chuma inakata hata matete. Inatumia karibu lita moja kwa saa. Nyingi kati yao ni za injini ya mipigo miwili: mafuta yanachanganywa na esansi katika bidoni, kwa kawaida sehemu moja ya mafuta kwa sehemu 50 za esansi, ao 25, kama kitabu chake kinavyosema. Mtu akisahau kuchanganya, injini inakufa siku ile ile.

Tukikadiria meta mraba 300 kwa saa pale nyuma ya madarasa, mtu mmoja anamaliza mteremko kwa saa 4. Na mashini ya kusukuma inamaliza sehemu zingine kwa saa 4 na kidogo. Basi watu wawili, asubuhi moja, kiwanja chote kimekwisha. Hakuna mwanafunzi aliyetoka darasani.

9. USALAMA

Tunaandika haya kwa kifupi, lakini yashikwe.

a) Mwenye kufyeka na mashini ya begani avae miwani, buti na suruali ndefu. Hakuna mtu kukaribia chini ya meta 15.
b) Mbele ya kuwasha, tembea kiwanjani, okota mawe, chupa na vipande vya waya.
c) Usiongeze esansi wakati injini ina moto.
d) Mbele ya kugusa kisu, zima injini na uchomoe waya wa bujii.
e) Hakuna kupakia mtoto juu ya mashini ya kupanda, hata kwa mchezo.
f) Kwenye mteremko, mwenye kutembea na mashini ya kusukuma akate kwa kupita kando, siyo kupanda na kushuka, ili akiteleza mashini isimfuate.
g) Majani yenye maji yangojwe yakauke.

10. NA SISI WENYE KUPEKUPE?

Wengine wameuliza: mashini ikija, salongo itakwisha? Wazazi wetu wanaijua salongo tangu miaka ya 1970, na wengi wanaikumbuka kama kazi ya kulazimishwa. Hapa shuleni pia kupekupe inatolewa mara nyingi kama azabu: umechelewa, chukua kupekupe, umezungumza Kiswahili wakati wa Kifaransa, chukua kupekupe. Tunafikiri, kwa heshima yote, kwamba jambo hili linafaa kuangaliwa upya. Kazi ikigeuzwa azabu, mtoto anajifunza kwamba mwenye kulima ni mtu aliyekosa. Na hapa Mulekera karibu sisi wote tunakula kwa sababu kuko mtu anayelima.

Kupekupe haitaondoka. Pembezoni mwa kuta, karibu na maua, kandokando ya mifereji, hakuna mashini itakayoipita, nayo haikunywi esansi. Darasa moja kwa zamu, saa moja kwa juma, inatosha.

Tena kuko papa yule anayetunza kiwanja chetu. Wengine wamesema mashini ikija, kazi yake itakwisha. Sisi tunasema mashini ikija, ni yeye anayepaswa kuwa wa kwanza kufundishwa nayo. Anajua kila jiwe la kiwanja hiki. Mashini ya wote bila mwenyewe inakufa katika mwaka mmoja. Mashini yenye mtu mmoja anayeijibia, mwenye daftari ya esansi na ya mafuta, inazeeka vizuri.

MWISHO

Basi jibu la komite ya wanafunzi, tulilompa Bwana Prefe ili alipeleke kwa komite ya wazazi, ni hili.

Ikiwa ni lazima kuchagua kati ya zile mbili za barua tu, tunachagua trakta yenye usukani, kwa sababu itavuta mchanga na maji, mafundi wetu wanaweza kuitunza, na dakika 38 hazitupunguki. Lakini tunamuomba mkubwa wetu kwa upendo asinunue hata moja kati ya hizo mbili. Atume feza, na hapa hapa, Beni ao Butembo, tununue mashini mbili za kufyeka za begani na moja ya kusukuma, kwa muuzaji ambaye anauza vipuri vyake pia. Feza zitakazobaki ziwe za miwani, buti, visu vya akiba na esansi ya mwaka wa kwanza.

Tunajua zawadi kubwa inapendeza macho. Trakta mpya ikiingia mlangoni, shule yote itapiga mikono. Lakini sisi tumepima mteremko, tumehesabu mawe, na tunajua majani yanafika wapi mwezi wa kenda. Yeye yuko mbali, hawezi kuyaona. Kumwambia ukweli ndiyo njia yetu ya kumshukuru.

Wenye fikira ingine waandike. Bulletin itachapisha majibu mawili yaliyo na hesabu ndani. Yale ya kelele tu hatutachapisha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini zirotani iko na hatari zaidi kwenye mteremko kuliko mashini yenye usukani?
2. Pima mteremko wa lupango la kwenu kwa fimbo ya meta moja. Umepata sentimeta ngapi? Je, unapita digri 15?
3. Majani yana sentimeta 12. Ukifuata kanuni ya sehemu moja ya tatu, utaacha ngapi?
4. Kiwanja ni meta 30 kwa 20. Mashini ya kusukuma inakata meta mraba 1.500 kwa saa. Itachukua dakika ngapi?
5. Kwa bidoni ya lita 5 za esansi, kanuni 1 kwa 50, utatia mafuta kiasi gani?
6. Je, kukata majani peke yake kunaweza kumaliza malaria? Eleza.

Kwa jina la komite ya wanafunzi,
Kapita mkuu, finalisti.